Mahari ya Ukutani

Nianze na hasira, maana nikianza na upole nitakuwa mwongo. Na hasira yangu ya kwanza haimwendei mwana wa mzee, ingawa zamu yake inakuja. Inawaendea kina mama wa Kiswahili waliojaa nyumbani kwa mama yangu mdogo, Stanmore, siku mumewe, ndiye mzee mwenyewe, alipozikwa. Waliingia, wakavua viatu, wakafukiza ubani, wakashika kazi bila kuulizwa, kama wanavyojua wao. Mmoja akatandika shuka juu ya televisheni. Mwingine akakigeuza kioo cha koridoni kikatazama ukuta. Halafu bibi mmoja wa Kizanzibari, ambaye katika misiba yetu yote ya London ndiye amirijeshi, akasimama katikati ya sebule, akainua macho, akasema, "Na hilo lishuke. Hatusomi khitma mbele ya mabibi walioacha vifua wazi. Malaika wataingilia wapi?"

Hilo lenyewe lilikuwa zulia la ukutani, tapestri, la zama za Mwamko wa Ulaya. Nyumbani tuliliita Pazia, ingawa halikuziba dirisha lolote. Lilifumwa kwa sufu na hariri huko ambako leo ni Ubelgiji, na lilichukua ukuta mzima kutoka dari hadi mgongo wa kochi. Mabwana na mabibi wametoka kuwinda, wamekaa bustanini wanapumzika, mbwa wamejilaza, pembeni mtumishi wa kike amechuchumaa kwenye kijito anaosha matunda. Miti yote ilikuwa ya bluu. Nilipouliza kwa nini, mzee alinieleza kwamba wafumaji walitia rangi ya bluu na ya njano ili wapate kijani, na ile njano ndiyo iliyokufa kwanza. Vifua havikuwa wazi kiasi hicho, mabibi walionyesha shingo tu. Lakini siku ya msiba nani anapima.

Mimi sikuwepo liliposhuka. Nilikuwa nimetumwa kwangu Tooting kuchukua masufuria makubwa ya pilau, na kutoka Tooting hadi Stanmore ni kuivuka London nzima chini ya ardhi, nikiwa na masufuria kwenye toroli na abiria wananitazama kama muuza vyuma chakavu. Niliporudi nikakuta ukuta umebaki mweupe, na alama ya vumbi imeonyesha pembe nne za kitu kilichokuwa hapo. Nikauliza liko wapi. Wakaniambia kwa fahari kabisa kwamba mwana wa mzee amejitolea. Lilikuwa zito, vyumba vya juu vimejaa wageni, na yeye akasema atalitia kwenye gari lake akaliweke kwake mpaka matanga yaishe, asije mtu akalimwagia chai. Kina mama wenyewe walilikunja, wakalishika ncha huku na huku, wakampelekea hadi garini. Wakamwombea dua. "Mtoto ana adabu huyo," bibi akaniambia. "Wahindi wachache wana adabu namna ile."

Shuka tatu na pini zingetosha. Nimelisema hili mara nyingi mpaka wenzangu wamenichoka, na bado nalisema. Lifunikeni, msome khitma yenu, mlifunue. Lakini wapi!

Nilikwenda kwa mama mdogo chumbani. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililowekwa chini, ametandwa kanga mbili, macho yamevimba. Nikamuuliza kama alikubali. Akasema, "Waliniuliza, nikaitikia. Mwanangu, leo wangeniuliza waivunje nyumba ningeitikia." Na kweli, kwetu mfiwa haulizwi jambo kwa maana ya kuulizwa. Anakalishwa, anafunikwa, anaambiwa kula, anaambiwa lala. Ni desturi yenye huruma, inamtua mtu mzigo wa kuamua wakati akili haipo. Lakini inataka aliye pembeni yako awe mwema, na hilo hatukulifikiria.

Sasa nieleze kwa nini nalilia kitambaa.

Mzee alikuwa Mhindi wa Dar es Salaam, Mwislamu, mzaliwa wa Upanga, aliyeondoka kijana na kuishi London akinunua na kuuza mazulia ya kale. Pazia alilinunua mapema, nyumba moja ya kitajiri ilipokuwa inauza vitu vyake, na hakuwahi kulipeleka dukani. Mama mdogo aliingia nyumba ile kama mfanyakazi wa kumuuguza mke wa kwanza wa mzee. Mke yule alipofariki, mzee akamwomba mama mdogo abaki, maana yeye naye alikuwa anaelekea uzeeni na mwanawe alikuwa na maisha yake. Wakabaki wawili, wanakula pamoja, wanazungumza Kiswahili, na Kiswahili cha mzee kilikuwa kile cha Dar ya zamani, cha kusema "bibie" na "tafadhali" katika sentensi moja. Mama mdogo akaona haya. Mwanamke na mwanamume wasio maharimu, nyumba moja, mlango mmoja! Akamwambia mzee kwamba ama waoane ama yeye afungashe.

Nikaha ilifungwa palepale sebuleni. Tulikuwa wachache: sheikh wetu, mimi, rafiki wa mzee kutoka Queensbury, na shahidi mwingine ambaye sasa naye ni marehemu. Mwana wa mzee hakualikwa. Sheikh akauliza mahari ni nini. Mama mdogo, aliyekuwa mlango wa jikoni na mtandio wake, akanyoosha kidole ukutani akasema, "Lile."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, maana nilidhani anatania kumtoa mzee jasho. Mzee alicheka mpaka akakohoa, halafu akaligeukia Pazia akalitazama. Akamwambia sheikh, "Andika moyoni mwako, sheikh. Nimekubali. Ni lake." Sheikh akarudia kwa sauti: mahari imetajwa, imekubaliwa, imepokelewa. Tukala biriani.

Kwa sheria ya hapa, nikaha peke yake si ndoa. Inabidi mwende kwa registrar, muandikishwe, mpewe cheti. Mzee kila mwaka alisema watakwenda mwaka ujao. Nilimpenda yule mzee, aliniita binti yangu na alinifundisha kutofautisha sufu na hariri kwa kidole, lakini alikuwa mwoga wa mwanawe, na uoga wake alimrithisha mke wake. Hata nyumba aliiandikisha kwa jina la mwana baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mama mdogo nilipomsukuma alinijibu, "Mungu ameona. Wewe unataka nani mwingine aone?"

Miaka kumi na ushei waliishi hivyo. Jioni, mzee akisikiliza redio, yeye alipanda kwenye kigoda na sindano akashona pale ambapo Pazia lilikuwa linaachia kwenye pindo la chini. Alichagua nyuzi kwa uangalifu, lakini zake zilikuwa mpya, kwa hiyo ukikaribia uliona. Mzee alisema hiyo ndiyo sehemu anayoipenda zaidi. Mwanawe akija siku za Idi alimwita mama mdogo "Aunty", jina ambalo kwao unaweza kumwita dada wa mama yako na unaweza kumwita mwanamke anayekufulia nguo.

Matanga yaliisha. Kina mama wakachukua masufuria yao na ya watu, wakaenda. Mama mdogo akaingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hapaki wanja wala manukato. Mimi nilikwenda kila mwisho wa wiki na vitu vya sokoni. Tuliulizia Pazia mara ya kwanza, mwana akasema analipeleka kwa fundi likaguliwe nondo. Mara ya pili hakupokea simu.

Kisha siku moja niko kazini, hospitali, napanga miadi ya wagonjwa, simu ikatetemeka. Ni grupu letu la WhatsApp, lile la misiba na harusi. Aliyetuma ni bibi yuleyule wa Kizanzibari, na chini ya picha kaandika: "Jamani hili si lile la msibani Stanmore? Mashallah kumbe ni mali ya maana!" Nikafungua. Jumba la mnada katikati ya jiji limelipiga picha kwa taa nzuri, na maelezo chini yake. Karne ya kumi na sita. Mali ya familia moja, imerithiwa kutoka kwa baba. Hali yake nzuri kwa umri wake, isipokuwa pindo la chini lina marekebisho ya baadaye yaliyofanywa na asiye mtaalamu.

Niliisoma tena sentensi hiyo ya mwisho. Miaka yote ya yule mwanamke juu ya kigoda, wameiandika kama kasoro. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama mtambo umekwama. Nikamwambia ndiyo, umekwama.

Nilimpigia sheikh. Sheikh ni mtu mkweli, sitamsema vibaya, ila ukweli wake haukunisaidia chochote. "Mbele ya Mwenyezi Mungu ni mahari yake," akasema. "Mahari si ya mirathi, haigawanywi, ni ya mwanamke peke yake. Niko tayari kusema hivyo popote. Lakini watu wa mnada watataka document, dada yangu, na mimi si registrar." Nikamuuliza je, mama mdogo anaweza kutoka akaseme mwenyewe? Akasema mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa haja ya lazima, na hii ni haja.

Nikampelekea mama mdogo ruhusa hiyo mbio kama aliyeokota dhahabu. Nilimkuta anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sheikh hatasemwa," akasema. "Nitakayesemwa ni mimi."

"Na nani? Na wale wale waliolitoa nje kwa mikono yao?"

"Na wale wale."

"Mama mdogo, wanauza mahari yako!"

"Nimesikia." Akapepeta kidogo, akatoa kijiwe. "Sasa nisikilize na wewe. Cheti sina. Nyumba si yangu. Mwanangu mwenyewe sina. Kitu gani kimebaki cha kuonyesha kwamba mimi nilikuwa mke wa yule mtu? Hii eda. Nikitoka kwenda kugombana kwenye mnada, watasema mnaona, hata eda hakukaa, alikuwa mfanyakazi tu anafuata mali. Sitoki."

Nilimkasirikia. Niliona anajifungia mlango wakati mwizi yuko nje na mali yake. Leo namwelewa zaidi, lakini siwezi kusema sina hasira naye hata kidogo.

Basi nikaenda Queensbury kwa yule rafiki wa mzee, shahidi pekee aliyebaki ambaye neno lake mwana angelijali, kwa sababu ni watu wa jamii moja na wanakutana msikitini kwao. Alinikaribisha vizuri. Akaniletea chai ya maziwa na chevda kwenye bakuli, akauliza habari za kwetu Tanga kama vile anaijua. Nikamweleza. Akaanza kusugua magoti.

"Nilikuwepo, binti yangu, sikatai. Lakini lile jambo la mahari, unakumbuka? Sote tulicheka."

"Tulicheka, halafu mzee akasema ni lake."

"Alikuwa anafurahisha watu. Ndivyo alivyokuwa. Mtu atoe kitu kama kile kwa... " Akatafuta neno, akaliacha. "Mimi nitakufa kesho keshokutwa, nani atanizika? Ni hawa hawa vijana. Nisiwaharibie. Kunywa chai."

Aliacha neno, lakini nililisikia. Kwa mwanamke mweusi. Kwa yaya. Alizaliwa miongoni mwetu, akanywa maji yetu, anacheka kwa lugha yetu, na hapo sebuleni kwake akanipima kwa mizani ileile ya babu zake wenye maduka. Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu hakumfaa hata rafiki yake aliyelala kaburini, maana ahadi iliyokuwa inavunjwa ilikuwa ya mzee. Chai yake sikuimaliza.

Zilipofika siku za watu kutazama mali kabla ya mnada, nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nilivaa koti langu zuri, na bado mlinzi alinifungulia mlango taratibu kuliko alivyowafungulia wengine. Pazia walilitundika juu sana, mbali na mkono wa mtu. Sikuwahi kuliona kwa mbali hivyo. Sebuleni Stanmore ulikuwa unalitazama kutoka kwenye kochi la mbele, vipande vipande. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa ameinama anakagua pindo la chini kwa tochi, akamwambia mwenzake kwamba ile sehemu itafumuliwa tu, si kazi kubwa.

Nikamtafuta mhusika. Akaja dada mmoja wa Kiingereza, kijana, mpole kweli. Nikamwambia kwamba kitambaa hiki si cha anayekiuza, ni mahari ya mama yangu mdogo, alipewa na mumewe mbele ya mashahidi. Ilibidi nimweleze mahari ni nini. Akaandika. Akauliza kama kuna maandishi yoyote. Nikasema kuna sheikh. Akauliza kama ndoa iliandikishwa. Nikatikisa kichwa kukataa, naye akalifunga daftari lake kwa adabu. Kisha akaniomba nisubiri, akaenda kupiga simu.

Alirudi na uso uleule wa upole, ila sasa umefungwa. "Tumezungumza na muuzaji," akasema. "Anasema anafahamu kuhusu mwanamke unayemtaja. Alikuwa carer wa baba yake. Anasema familia inamshukuru sana kwa huduma yake, na hapakuwa na ndoa."

Carer, muuguzaji wa kulipwa. Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nikasema asante, kwa Kiingereza changu kizuri cha ofisini, nikatoka nikasimama barabarani, nikalia mbele ya duka la saa. Najichukia kwa ile asante kuliko kwa kitu kingine chochote.

Siku ya mnada nilikwenda tena. Mama mdogo alinikataza, nikaenda. Nilikaa nyuma kabisa. Nilifikiri nitasimama niseme kitu, nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye treni. Lakini mambo yale yanakwenda mbio, mwenye nyundo anaongea kama anayesoma nyiradi, na kabla sijakusanya pumzi mtu mmoja ukumbini akashindana na mwingine aliyekuwa kwenye simu, yule wa ukumbini akatikisa kichwa, nyundo ikagonga. Kalinunua mtu wa kwenye simu. Wakahamia kwenye sanduku la mbao la Kihispania. Mwana wa mzee hakuwepo hata. Nadhani alikuwa kazini, kama watu wengine.

Nilipanda treni kwenda Stanmore. Treni ile kabla ya kufika Wembley hutoka juu ya ardhi, na hapo ndipo simu zinapata mtandao. Ujumbe ukaingia, unatoka kwake. Nilikuwa nimemwandikia mara nyingi bila jibu, nikafikiri labda dhamiri imemsuta. Niliusoma mara mbili. Sikuelewa kwanza kwa nini unanikera kuliko mnada wenyewe.

Mama mdogo alinifungulia mlango kwa kujificha nyuma yake, asionekane na wapita njia. Akanitazama usoni. Akanitengea wali na mchuzi wa samaki. Nikasema limeuzwa. Akasema, "Limekwenda wapi?" Nikasema sijui, mnunuzi alikuwa kwenye simu. Akatikisa kichwa, akanisogezea pilipili.

"Na kuna ujumbe wa yule bwana," nikasema. "Ni Kiingereza."

"Nisomee kwa Kiswahili."

Nikamsomea. Kwanza anatoa pole tena kwa msiba. Halafu anasema familia imeamua kuiuza nyumba. Lakini wanafahamu kwamba Aunty yumo kwenye eda ya baba yao, na kwa kuiheshimu dini hawatapenda kumsumbua mpaka imalizike. Eda ikimalizika, asubuhi yake, tafadhali afungue mlango kwa watu wa kampuni ya nyumba na awakabidhi funguo. Na tarehe akaiandika. Alikuwa ameihesabu mwenyewe, miezi minne na siku kumi tangu baba yake alipokata roho, na hakukosea hata siku moja.

Mama mdogo aliacha kula.

"Rudia hapo pa eda."

Nikarudia.

"Kasema eda ya baba yao?"

"Ndivyo alivyoandika."

Alinawa mkono kwenye bakuli, taratibu, akaupangusa kwenye upindo wa kanga. Nilingoja alie. Nilitaka alie, ili na mimi nipate nafasi.

"Mfanyakazi hakai eda," akasema. "Basi huyu mtoto anajua. Siku zote alikuwa anajua mimi ni nani."